Kirikuu, Townace au Hilux ya shemeji?

Shikamoo Mzee wa Boneti,

Naandika kutoka kijiji kimoja juu ya Lukozi, wilayani Lushoto. Nalima karoti na viazi, nyingine nanunua kwa majirani, na zote naziteremsha Mombo, ambako wanunuzi wa Tanga na Dar es Salaam huja na magari makubwa. Nashusha mara tatu kwa wiki. Kawaida yangu ni magunia saba au manane, kilo mia kila moja. Lumbesa sifungi, Wakala wa Vipimo walishatunyoosha. Msimu ukichanganya naweza kufikisha magunia kumi na tano kwa siku moja, ila hizo ni wiki chache tu kwa mwaka.

Kwa sasa nalipa shilingi 7,000 kwa gunia kwenye Canter ya watu. Fedha siilalamikii sana kama ninavyolalamikia kusubiri. Gari haliondoki mpaka lijae, na karoti zikishaoshwa hazingoji mtu. Nikiingia Mombo saa saba mchana nakuta wanunuzi wameshajaza, na waliobaki wananipangia bei wao.

Kikoba chetu kimevunja mwezi uliopita. Nikichanganya mgao na akiba yangu nina milioni kumi na mbili. Nataka pikapu ndogo ya mkononi, ya bei nafuu. Nimeonyeshwa tatu.

Ya kwanza ni Kirikuu, Suzuki Carry ya 2005, namba D, iko Lushoto mjini, milioni nane na nusu. Kila ninayemuuliza ananiambia hiyo ndiyo mkombozi wa mnyonge, haili mafuta na sparea ziko kila duka. Ya pili ni Townace pikapu ya 2009, petroli, iko Mombo kwa dalali, anataka milioni kumi na moja na nusu. Ya tatu ndiyo inayoniletea maneno nyumbani: Hilux dabo kabini ya dizeli, ya 1999, namba B. Ni ya kaka yake mume wangu. Anasema kwa kuwa ni mimi atanipa kwa milioni kumi na mbili, mwingine angelipa kumi na nne. Mume wangu anaitaka hiyo. Anasema Hilux haifi, na tukienda kanisani au msibani tutaenea wote ndani. Mdogo wangu, ambaye ndiye atakuwa dereva, aliingia chini yake akatoka anasema chesesi imechomelewa nyuma ya kabini. Shemeji akajibu kwamba pale "paliimarishwa" tu.

Njia yetu ni ya vumbi, mvua ikinyesha ni matope, halafu lami yenye kona kutoka Lushoto kupita Soni hadi Mombo. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 120. Mimi magari siyajui, Mzee, najua karoti. Nichukue ipi? Na kama si ya shemeji, nitamwambiaje bila nyumba kugawanyika?

Mama Karoti, Lushoto

*

Marahaba, Mama Karoti.

Umeandika kitu ambacho wengi wanaoniuliza habari za pikapu hawakiandiki, nacho ni uzito. Mtu ananiuliza "gari gani zuri la mizigo" bila kusema mzigo gani na njia gani, kisha anataka nimjibu kwa jina moja. Wewe umesema kilo 700 hadi 800, mara tatu kwa wiki, kutoka milimani kwenda bondeni. Na humo ndani kuna jambo ambalo washauri wako wote wamelipita: mzigo wako unashuka. Gari lako litapanda likiwa jepesi na kuteremka likiwa limejaa. Wao wanakuimbia injini, nguvu, haifi. Kwenye njia yako swali la kwanza ni nini kitalishikilia gari lenye viazi vya kilo 800 pale kwenye kona za Soni. Ni breki, chesesi, springi, matairi na gia. Injini nitaifikia baadaye.

Tuanze na Kirikuu, kwa sababu ndiyo inayosifiwa. Nami naipenda. Ingekuwa unabeba mkate, maji ya kunywa, au magunia matatu ya mkaa pale Tanga mjini, ningekuambia kalipe leo. Lakini nenda pale Lushoto, simama nyuma yake, tazama mlango wa bodi. Kama hawajaupaka rangi upya utaona maandishi ya Kijapani na tarakimu: 350 kg. Huko Japani gari la mizigo linaandikwa nyuma kiwango cha juu cha mzigo wake, na haya magari madogo yako kwenye daraja lao la kisheria: injini isizidi sisi (cc) 660, urefu usizidi mita 3.4, mzigo usizidi kilo 350. Hayo ni magunia yako matatu na nusu. Gari lenyewe likiwa tupu lina takriban kilo 700. Maana yake ukiweka magunia manane, mzigo unakuwa mzito kuliko gari.

Najua utaniambia umeziona Kirikuu zimebeba tani nzima, springi zimelala, kichwa kinatazama mawinguni. Nami naziona. Zinaongezewa majani ya springi, zinafungwa matairi magumu, na zinakwenda. Ila breki ni zilezile zilizotengenezwa kwa kilo 350, na ekseli ni ileile. Kariakoo kwenda Buguruni, barabara tambarare, mwenye gari anaweza kuishi na ujinga huo kwa muda mrefu. Kuteremka Mombo mara tatu kwa wiki, hapana. Na ukiitumia kwa uzito wake halali itabidi ushuke safari mbili au tatu pale ambapo sasa unashuka moja, na ule urahisi wa mafuta unaosifiwa unaishia hapo.

Sasa Hilux ya shemeji. Mumeo hajakosea kuhusu jina. Hilux za dizeli za miaka ile, zile zisizo na tabo (turbo), zilijengewa kazi, na mafundi wa Tanga wanazifungua wamefumba macho. Kama kaka yake angekuwa na ya kabini moja, chesesi nzima, kwa bei hiyo, barua hii ningeijibu kwa mstari mmoja. Lakini angalia unachouziwa. Dabo kabini inakula nafasi ya bodi: kitanda chake kina urefu wa kama mita moja na nusu, wakati hata kile Kirikuu kidogo kina karibu mita mbili. Magunia manane utayapanga kwenda juu, na mzigo uliokwenda juu kwenye kona ndio unaolala. Utakuwa umenunua viti vya watu wanne kwa ajili ya karoti.

Halafu kuna ule mchomeleo. Chesesi ya pikapu ni mihimili miwili mirefu inayobeba kila kitu, na sehemu ya nyuma ya kabini ndipo inapojikunja mzigo unapozidi. Chuma kikishapasuka pale kwa kuelemewa, weldi ya mtaani inakishika kwa muda, kisha kinapasuka pembeni ya weldi, kwa sababu moto umekidhoofisha chuma cha jirani. Neno "kuimarisha" lina mahali pake: mtu anaweza kuongeza bamba kwenye chesesi nzima kwa makusudi. Lakini pakiimarishwa panakuwa na bamba pande zote mbili, sawasawa kulia na kushoto. Mwambie mdogo wako arudi na tochi na brashi ya waya, akwangue rangi. Akikuta mshono wa weldi unaokata mhimili kutoka juu hadi chini upande mmoja, hiyo ni chesesi iliyovunjika na kuungwa, na hakuna bei ya undugu inayoifaa. Mimi hata kwa milioni sita nisingeibebea viazi kushuka Soni.

Inabaki Townace. Sijaiona, kwa hiyo nitakuambia daraja lake ni sahihi, na hiyo moja ya Mombo bado ina mtihani wa kufaulu. Townace pikapu za kuanzia 2008 zina injini ya petroli ya sisi 1500 inayotumia mnyororo wa taimingi, hivyo hakuna mkanda wa kukukatikia njiani. Mzigo wake wa kiwandani ni kilo 750 au 800 kutegemea toleo, na kitanda kina zaidi ya mita mbili na robo. Hiyo ndiyo siku yako ya kawaida. Soma tarakimu za nyuma ya bodi uamini hizo kuliko mimi. Zikisoma 750, mwisho wako ni magunia saba na nusu. Gunia linalozidi kiwango liache nyumbani hata kama mnunuzi anapiga simu.

Na zile wiki za magunia kumi na tano? Endelea kukodi Canter. Watu wengi hununua gari kwa ajili ya siku yao kubwa kuliko zote, kisha mwaka mzima wanalilisha mafuta likiwa nusu tupu.

Kabla hujafurahi, tupige hesabu, maana hapa ndipo wanunuzi wa pikapu wanapoumia kimyakimya. Ukilipa 7,000 kwa gunia, magunia manane ni 56,000 kwa safari. Ukiwa na gari lako, kilomita 120 kwa wastani wa kilomita 10 kwa lita, ambao kwa milima hiyo si mbaya, ni lita 12. Tuseme petroli ni 3,000 kwa lita, wewe utaingiza bei ya EWURA ya mwezi huo: 36,000. Umeokoa 20,000 kwa safari, 60,000 kwa wiki, kama milioni tatu na laki moja kwa mwaka. Bado hujamlipa mdogo wako, hujanunua tairi, hujalipa bima. Kwa hesabu hiyo pekee fedha ya kikoba itachukua miaka minne kurudi, na gari la 2009 halitakaa miaka minne bila kudai.

Kinachogeuza hesabu ni kurudi. Lori la watu linakushusha Mombo na safari yako inaishia hapo. Gari lako linapanda tena, na likipanda tupu linachoma mafuta yako bure. Tafuta mwenye duka la pembejeo au vifaa vya ujenzi kule juu. Mifuko kumi ya sementi ni kilo 500, inapanda bila kulichosha gari, na hata ukitoza 3,000 kwa mfuko ni 30,000 zaidi kwa safari. Sasa una 50,000 kila unapogeuza, karibu milioni nane kwa mwaka kabla ya matengenezo. Nakushauri uwe na mtu wa kurudi naye mzigo kabla hujalipia gari. Ukimkosa, bado unaweza kununua kwa sababu ya ule muda unaoupoteza na bei unayopangiwa saa saba mchana, lakini ujue unalipia muda.

Kubeba mzigo wa wengine kwa malipo kuna makaratasi yake. Utahitaji leseni ya usafirishaji ya LATRA na namba nyeupe ya biashara badala ya ile ya njano ya binafsi. Bima nayo uikate ukitaja matumizi ya biashara. Ile bima ndogo ya gari binafsi itakuwa rahisi mfukoni mpaka siku umemgonga mtu ukiwa na sementi ya mwenye duka, ndipo kampuni ikuulize ulikuwa unafanya nini.

Haya, siku ya kwenda kuiona. Mpigie dalali usiku uliotangulia umwambie gari lisiwashwe asubuhi. Ukifika, wekeni mkono juu ya boneti. Kwenye Townace hii injini iko chini ya viti, kwa hiyo boneti yako ni kiti cha abiria: kikiwa cha moto, mmeshawahiwa. Injini iliyopashwa moto huficha mengi. Ikiwa baridi, fungueni mfuniko wa rejeta. Maji yawe safi au ya rangi ya kulanti (dawa ya kupozea injini), yasiwe na mafuta yanayoelea wala tope la kutu. Fungueni mfuniko wa kuwekea oili: mkikuta utando mzito kama maziwa ya mgando, maji yanaingia kwenye oili, na mwaweza kurudi nyumbani mapema. Kisha mdogo wako awashe, wewe usimame nyuma. Moshi mweupe unaopotea baada ya dakika moja asubuhi ya baridi si neno. Moshi wa bluu unaoendelea ni gari linalokula oili.

Kadi nayo isomeni pale pale, mkiwa mmeinama kwenye gari. Namba ya chesesi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Kwa Townace ya toleo hilo, mwanzo wa namba usomeke S402U, au S412U kama ina 4WD. Ukikuta S402M, hiyo ilizaliwa van, mtu akaikata na kuifanya pikapu, na nyuma yake haikujengwa kubeba unachobeba. Hii "namba D" nayo isikupumbaze: herufi inaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa nchini, haionyeshi lilitoka lini kiwandani wala limefanyishwa kazi gani.

Kuhusu kilomita, tarakimu za dashibodi zinarudishwa kwa kazi ya mchana mmoja. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo. Mara nyingi kuna stika ndogo ya Kijapani ya kubadilisha oili, yenye tarehe na kilomita. Ikiandikwa mwaka 27, hiyo ni miaka yao ya Heisei. Jumlisha 1988, unapata 2015. Kama stika inasema gari lilikuwa na kilomita 140,000 mwaka huo na dashibodi leo inasema 98,000, huna haja ya kugombana na mtu, unamwonyesha tu kwa kidole.

Mkiingia chini, hesabuni majani ya springi kushoto na kulia. Jani jipya lililoongezwa linaonekana kwa rangi, na linakuambia gari limekuwa likibebeshwa kuliko uwezo wake. Gongeni chesesi na mpini wa spana. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa na kutu kinabwabwaja, na magari mengine ya Japani yalitembea kwenye barabara za theluji zinazomwagiwa chumvi. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini yote wiki ya kuuza, mimi huihesabu kama jibu.

Mtihani mkubwa ni wa mlimani, na dalali wako kwa bahati yuko chini ya mlima wenyewe. Mwambie mnataka kulijaribu likiwa na mzigo, mchanga wenye uzito wa magunia yako matano unatosha. Akikataa, mumeshajua. Pandeni hadi Soni mkitazama geji ya joto. Gari linalochemsha likiwa na nusu ya mzigo asubuhi litakuaibisha mchana. Kwenye mwinuko mkali, mdogo wako aweke gia ya tatu akanyage mafuta. Injini ikipandisha sauti na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza. Na iwe ya gia za mkono. Za otomatiki zipo, msizinunue kwa mlima huo.

Juu Soni zimeni, pumzikeni, geuzeni. Kushuka ndiko kunakoamua. Shukeni kwa gia ya pili au ya tatu, mkigusa breki na kuachia. Gari likivuta upande mmoja, kuna breki inashika na nyingine hailingani. Pedali ikianza imara juu na kuwa laini kadiri mnavyoshuka, huenda oili ya breki ni ya zamani: hunyonya unyevu kadiri inavyokaa, na joto la mteremko linapoichemsha mguu unazama. Mkifika Mombo msizime moja kwa moja. Shukeni, mkapeleke kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Tairi moja likiwa la moto sana kuliko mengine, breki yake imeng'ang'ania. Likiwa la baridi kabisa wakati mengine yanaungua, hilo halikuwa linasaidia kazi. Mambo hayo hutengenezeka, na ni hoja nzuri ya kupunguza bei. Handibreki nayo ijaribiwe palepale mlimani na mzigo ukiwa juu.

Fedha sasa. Ukitoa milioni kumi na moja na nusu utabaki na laki tano, na gari la mkononi halipokelewi na laki tano. Mwisho wako uwe kumi na nusu. Ile milioni moja na nusu inayobaki ni ya matairi manne ya mizigo, yale yenye alama ya LT, breki za mbele na nyuma, oili zote pamoja na ya breki, mipira ya rejeta, bima na uhamisho wa umiliki. Matairi ya gari dogo la abiria, hata yakiwa na kashata (meno) nzima, usiyakubali. Ubavu wake ni laini. Kama dalali hashuki, mwachie namba yako ya simu uondoke. Januari ada za shule zikibana, wauzaji hulegea. Kuagiza Japani mwenyewe ni njia safi, ila ile bei unayoiona mtandaoni haina kodi ndani yake. Ingia kwanza kwenye kikokotoo cha magari cha TRA, ujumlishe, nadhani milioni zako kumi na mbili hazitafika.

Siku ya kulipa, fedha ipite benki, mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, na jina la kwenye kadi liwe la mtu aliyesimama mbele yako na kitambulisho, asiwe "bosi yuko safarini". Faini za barabarani zinatazamwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi, simu yako inatosha. Uhamisho ufanyike TRA wiki hiyohiyo, wala usikubali kutembea na kadi ya mtu.

Mdogo wako nina neno naye pia. Gia anayopandia mlima ndiyo atakayoshukia. Kuna madereva wanaweka nyutro wakishuka Soni ili "kuokoa mafuta". Kwenye injini za kisasa za petroli ukishuka ukiwa kwenye gia na mguu umeuondoa, mafuta yanakatwa yenyewe, kwa hiyo anayeweka nyutro haokoi kitu na amejinyima breki ya injini. Na vibarua wasipande juu ya magunia, hata wakibembeleza.

Tumefika kwa shemeji, na hapo nakuonea huruma zaidi kuliko kwenye breki. Usimwambie gari lake bovu. Anza na mumeo, mkiwa wawili, na ile karatasi ya hesabu. Fedha hii ni mgao wa kikoba pamoja na jasho lako, inatakiwa irudi, na gari litakaloirudisha ni lenye kitanda kirefu. Kanisani mnaenda mara ngapi wote kwa pamoja, na misiba ni mingapi ya mbali? Noah ya kukodi kwa siku hizo ni nafuu kuliko viti vya kudumu. Akiendelea kushikilia, mkubalie jambo moja la haki: Hilux nayo ifanyiwe mtihani uleule, ya baridi asubuhi, magunia matano, Soni kwenda na kurudi, na fundi ambaye si wako wala si wa shemeji. Fundi aandike alichokiona kwenye chesesi, na aulize pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, maana hizo dizeli zinao, na ukikatika unakuachia injini ya kufungua. Kwa shemeji mwenyewe sema tu kwamba unatafuta ya kabini moja, jambo ambalo ni kweli, na umsaidie kutangaza ya kwake. Kununua gari kwa ndugu kuna ubaya mmoja ambao bei ya undugu haiufidii: likiharibika wiki ya pili, huna wa kumdai, na Krismasi mtakaa meza moja.

Hiyo ya Mombo ikianguka mtihani usikate tamaa, wala usirudi kwenye Kirikuu kwa hasira. Tafuta Townace au Liteace nyingine, hata zile za zamani zenye injini za K za sisi 1500 au 1800, ni za kawaida sana na sparea zake Gerezani zipo tele. Katika hizo za zamani epuka tu zile zenye kitanda cha chini na vitairi vidogo nyuma. Zilitengenezwa kwa kupakia kirahisi kwenye lami ya Japani, na kwenye mifereji ya barabara yenu ya vumbi zitagusa chini siku ya kwanza. Ukipata nyingine, nitumie picha tatu: kadi, mlango wa nyuma wa bodi wenye tarakimu, na chesesi kutoka chini upande wa nyuma ya kabini. Ya dashibodi na ya rangi usijisumbue.

Mzee wa Boneti